Uzoefu wangu: nimenunua mashine za kupulizia mikorosho kwa murabaha, Mtwara

Kwa muda mrefu nilikuwa nakodi mashine ya kupulizia salfa, hadi nilipoamua kununua zangu mbili kupitia dirisha la huduma za Kiislamu la benki moja hapa Mtwara mjini, kwani mkopo wa riba sikuutaka na fedha taslimu sikuwa nazo.

Katika murabaha, yaani benki kununua bidhaa na kukuuzia kwa faida iliyotajwa, hukabidhiwi fedha. Nilipeleka ankara ya muuzaji na kutia saini ahadi ya kununua. Benki ikamlipa muuzaji, ikazimiliki mashine, ndipo ikaniuzia kwa bei iliyoonyesha waziwazi gharama yake na faida yake. Utaratibu huo ndio unaoifanya iwe biashara, ambayo Qur'ani (2:275) imeihalalisha huku ikiharamisha riba. Mtume (s.a.w.) naye alikataza mtu kuuza asichokuwa nacho, na ndiyo maana mashine zikiharibika kabla hujauziwa, hasara ni ya benki. Kwa hiyo ofisa aliponitaka nisaini mkataba wa mauzo mapema, mashine zikiwa bado dukani kwa muuzaji, eti tuokoe muda, nilikataa kwa heshima, na namshukuru meneja kwa kuniunga mkono. Mteja asiyeujua utaratibu angesaini, na hapo murabaha ingebaki jina tu.

Kuhusu gharama, anayetafuta unafuu asije kwa matumaini hayo, kwa sababu nilipolinganisha na mkopo wa kawaida tofauti ilikuwa ndogo. Ila bei ikishakubaliwa haipandi, hata ukichelewa kulipa. Faini ya ucheleweshaji ipo ili kuzuia uzembe, lakini benki haiingizi katika mapato yake, bali huipeleka kwenye sadaka. Ukimaliza deni mapema, kwa mkataba wangu punguzo ni hiari ya benki, si haki ya mteja. Hilo liulize kabla ya kusaini.

Lililonifurahisha zaidi ni kwamba marejesho yalipangwa kufuata minada ya korosho, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba, maana malipo ya mkulima kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha kuuza mazao) hayaji kila mwezi kama mshahara.

Upungufu mkubwa ni kwamba mkataba uliandikwa kwa Kiingereza na nikafafanuliwa kwa mdomo tu. Naiomba benki itoe nakala ya Kiswahili, pamoja na uamuzi wa bodi yake ya sharia ya Kiislamu kuhusu huduma hiyo, ili mkulima wa Tandahimba au Newala asome mwenyewe kabla ya kushika kalamu.