Tathmini ya WiFiAnalyzer: kuchagua chaneli ya waifai kwenye nyumba za ghorofa

Kwa anayeishi kwenye jengo la ghorofa ambamo kila mlango una ruta yake, WiFiAnalyzer ni programu ninayoipendekeza bila kusita: huonyesha mitandao ya waifai iliyo karibu na chaneli, yaani sehemu ya masafa ya redio, ambayo kila mmoja unaitumia. Ni ya bure, haina matangazo, na haiombi hata ruhusa ya kuingia kwenye intaneti. Inachotaka ni simu ya Android na ruhusa ya kutambua mahali ulipo, maana bila ruhusa hiyo Android haitoi orodha ya mitandao iliyo karibu.

Nyumbani kwangu, kila ilipofika saa mbili usiku video zilianza kukwamakwama, nami nilikuwa karibu kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Nilipofungua mchoro wa chaneli, ambamo kila mtandao huchorwa kama tao, niliiona ruta yangu kwenye chaneli ya 6, na tao la jirani tunayepakana ukuta likiwa kwenye chaneli ya 8, limelilalia langu zaidi ya nusu. Hapo ndipo penye tatizo ambalo wengi hatulijui: ruta zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupokezana zamu, lakini zikiachana kwa namba mbili au tatu tu, kila moja huisikia nyingine kama kelele. Katika masafa ya GHz 2.4 chaneli zimepangwa kila baada ya MHz 5, ilhali mtandao mmoja huchukua takribani MHz 20. Ndiyo maana hushauriwa kutumia 1, 6 au 11, ambazo zimeachana kiasi cha kutoingiliana.

Chaneli ya 1 ilikuwa na mitandao mitatu, yote ya mbali, wenye nguvu kuliko mingine ukisoma -84 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikisogea karibu na sifuri, nguvu ni kubwa zaidi). Niliingia kwenye mipangilio ya ruta, nikaondoa uchaguzi wa otomatiki, nikaweka 1 na upana wa MHz 20. Tangu usiku huo mazungumzo ya video na mama hayajakatika.

Programu hii huona mitandao ya waifai tu. Haioni maikrowevu ya jikoni, wala haipimi ni mtandao upi unaotumika sana, kwa hiyo nyota inazozipa chaneli zisichukuliwe kuwa hukumu ya mwisho. Tena, kuanzia Android 9, programu huruhusiwa kusaka mitandao mara 4 tu katika dakika 2, hivyo unapopima chumba kimoja baada ya kingine, subiri mchoro ujisasishe kwanza. Televisheni, iliyo sebuleni pamoja na ruta, nimeihamishia GHz 5 kwenye chaneli ya 36 iliyokuwa tupu. Chumbani, nyuma ya kuta mbili za tofali, masafa hayo hufika yakiwa dhaifu, na huko bado tunategemea chaneli ya 1.