Kuosha na kukausha gari lenye seramiki nyumbani, Nakuru hadi Kisumu: pesa iende kwa taulo kwanza

Wengi wakishalipia kotingi ya seramiki, yaani tabaka gumu la kinga linalopakwa juu ya rangi ya gari, hukimbilia shampuu ya bei na chupa ya povu, halafu gari linakaushwa kwa fulana kuukuu. Hapo mambo yamewekwa kichwa chini. Kwa maji na vumbi tulilo nalo Nakuru, kotingi huumia zaidi wakati wa kukausha kuliko wakati wa kuosha. Ndiyo maana tathmini hii inaanza na taulo, inaingia kwenye maji, na sabuni inasubiri zamu yake.

Kotingi ni nyembamba sana: maikroni moja au mbili, juu ya vanishi ya kiwandani yenye maikroni 40 hadi 50 hivi. Ile 9H inayoandikwa kwenye matangazo ni kipimo cha penseli. Maana yake ni kwamba penseli ngumu ya daraja hilo haikuacha alama. Haisemi lolote kuhusu mchanga. Udongo wa huku umetokana na majivu ya volkeno na pumisi, na chembe zake ni vipande vidogo vya kioo vyenye ncha kali. Ukiziburuta juu ya boneti kwa kitambaa kikavu, utaona mikwaruzo ile inayofanana na utando wa buibui jua likipiga, seramiki iwepo isiwepo.

Taulo ya kununua ni ya mikrofaiba yenye nyuzi zilizosokotwa kama vitanzi virefu, gramu 1,200 kwa mita ya mraba au zaidi, upana wa sentimita 60 na urefu wa 90. Moja inatosha Axio au Fielder. Prado na Harrier zinahitaji mbili. Sokoni ziko nyingi zilizoandikwa 1,200 huku ni nyepesi kama leso, na njia ya kuzijua ni rahisi: taulo ya 60 kwa 90 ina eneo la mita ya mraba 0.54, kwa hiyo ikiwa ni ya gramu 1,200 kweli, lazima iwe na uzito wa karibu gramu 650. Mwombe mwenye duka aiweke kwenye mizani. Ikisoma 400, mrudishie. Kisha kagua pindo. Pindo iliyoshonwa kwa uzi mgumu wa nailoni inakwaruza. Inayofaa imefungwa kwa kitambaa laini au haina mshono kabisa. Lebo ikate. Ukiwa na CD kuukuu nyumbani, sugua pindo kwenye upande wake unaong'aa, uiinamishe kwenye mwanga, nawe utaona mwenyewe kama inaacha mistari.

Taulo mpya ifuliwe kabla ya kugusa gari, la sivyo itaacha manyoya gari zima na haitanyonya vizuri. Ukikausha, usisugue. Itandaze juu ya paa, shika ncha mbili za upande wako, ivute polepole kuelekea kwako, mara moja tu. Kwa milango, ilaze bapa kisha ipapase kwa kiganja. Seramiki ikiwa bado na nguvu, matone hukimbia mbele ya taulo badala ya kunywewa. Dawa yake ni kupuliza mara mbili au tatu dawa ya kusaidia kukausha kwa kila kipande cha bodi. Hiyo pia hulainisha njia ya taulo, ili punje iliyobaki iteleze badala ya kukwama.

Udhaifu wa taulo hizi ni vitanzi vyenyewe. Vinanasa kwenye mikono ya waipa, kwenye skrubu za namba, na kwenye kona kali ya nembo. Sehemu hizo zikaushwe kwa kitambaa kidogo cha kawaida cha mikrofaiba. Na taulo ikianguka chini, imestaafu kwa siku hiyo. Kuikung'uta hakutoshi, punje zimeshaingia ndani ya vitanzi.

Ile ngozi bandia ya rangi ya njano au samawati inayouzwa kando ya barabara siipendekezi hata kidogo. Inanyonya maji vizuri sana, lakini uso wake ni bapa, hauna manyoya ya kumeza punje, kwa hiyo kilichobaki juu ya rangi kinasukumwa mbele kikiwa kimebanwa. Ule mpira wa kukokota maji unaofanana na wa kusafishia madirisha una kosa lilelile. Uuache kwa vioo.

Sasa maji. Maji ya visima vya Nakuru na vitongoji vyake yana chumvi nyingi, soda na silika (madini yaleyale ya mchanga na kioo) kutokana na miamba ya volkeno, pamoja na floridi ile inayotia meno rangi ya kahawia. Floridi si shida kubwa ya gari. Shida ni kile kinachobaki tone linapokauka: duara jeupe la chumvi, na ndani yake silika. Wenye chujio la mkaa wa mifupa nyumbani wasidhani wamepona, kwa sababu chujio hilo linaondoa floridi na kuacha chumvi nyingine karibu zote. Nunua kipima TDS kidogo cha mkononi, kifaa kisichozidi ukubwa wa kalamu nene ya wino, kinachoonyesha kwa ppm jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini. Maji ya kisima huku mara nyingi husoma mia kadhaa. Ya mvua yaliyotoka kwenye mabati safi, baada ya kuacha dakika kumi za kwanza za mvua ziende zake, husoma chini kabisa. Kwa suuza ya mwisho, tafuta maji yasiyozidi 50. Jerikeni moja ya lita 20 za mvua, ikimiminwa taratibu kuanzia paani, inafanya kazi ambayo hakuna kemikali ya dukani inaifanya kwa bei hiyo.

Kisumu mambo ni mepesi zaidi upande huu. Maji ya bomba yanatoka ziwani na kwenye mito ya karibu, na chumvi yake ni kidogo, hivyo madoa hayaji haraka. Lakini maji ya ziwa yaliyochotwa moja kwa moja ni hadithi nyingine: ghuba ya Winam ina tope na mwani, na ukiyatumia bila kuchuja unaosha gari kwa mchanga mwembamba.

Kati ya njia za kuosha, iliyonivutia zaidi kwa Nakuru, ambako maji ya bomba huja kwa zamu mitaani, ni Optimum No Rinse, dawa ya Marekani isiyohitaji kusuuzwa. Kipimo chake cha kuoshea ni 1 kwa 256, yaani mililita 40 kwa lita 10 za maji. Wengi huongeza "kidogo ili isafishe zaidi", na matokeo ni ukungu wa kunata unaokataa kufutika. Tumia bomba la sindano au kikombe cha dawa ya watoto, upime. Weka mchanganyiko huohuo kwenye chupa ya kupuliza ya lita moja, mililita 4 tu, ulowanishe kipande kimoja cha bodi, usubiri dakika moja hadi mbili. Polima zake hushika vumbi na kulifunika ili liteleze. Ndoo iwe na vitambaa vinane hadi kumi vya mikrofaiba vilivyozama. Chukua kimoja, kikunje mara mbili, upate pande za kutosha. Kila mpapaso mmoja ulionyooka utumie upande mpya. Kikichafuka pande zote, kitupe kwenye beseni la pembeni, kisirudi ndooni. Anza paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango. Sehemu za chini ziwe za mwisho na kitambaa chake kisipande tena juu. Kausha kipande hicho kabla ya kwenda kingine. Gari zima linamalizika kwa lita 10 hadi 15.

Kwa vumbi la kawaida la lami, njia hiyo inashinda. Kwa tope haifai, na ni vizuri iwe wazi. Gari lililotoka Ahero kupitia udongo mweusi wa Kano, au lililopakwa udongo mwekundu wa barabara za ndani Kakamega, linahitaji maji ya presha kwanza. Mashine ya Kärcher K2 inatosha nyumbani: imepimwa presha ya juu ya bar 110 na lita 360 kwa saa, ambayo ni lita 6 kwa dakika ukishika kifyatuo. Dakika kumi za kufyatua ni lita 60, kwa hiyo wenye tenki dogo wapige hesabu mapema. Inaweza pia kuvuta maji kutoka pipa la mvua ukiiongezea mpira wa kufyonza wenye kichujio. Bila kichujio, mchanga unaua pampu. Simama sentimita 30 kutoka kwenye bodi, tumia ncha inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 40, na ile ncha inayozunguka iachie saruji. Anza na matao ya magurudumu na chini ya milango, maana hapo ndipo tope linaporukia sehemu uliyokwisha kusafisha.

Baada ya hapo ndipo ndoo mbili zinaingia: moja ya shampuu, moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea, kila moja na wavu wa plastiki chini ili mchanga utulie usipande tena. Magurudumu yawe na ndoo na brashi zake kabisa, kwa sababu vumbi la breki ni chuma. Shampuu iwe ya pH ya kati, yaani si asidi wala alkali, na isiwe na nta. CarPro Reset na Gyeon Bathe ni mifano mizuri. Reset kwa 1 kwa 500 ni mililita 20 kwa lita 10, hivyo chupa inakaa muda mrefu kuliko bei yake inavyotisha. Shampuu yenye nta haiharibu seramiki, inaifunika tu, na maji yanaacha kuruka kama mwanzo. Sabuni ya vyombo haitaibandua kotingi iliyokomaa kama watu wanavyotishana, lakini utelezi wake ni hafifu na inakausha mipira ya milango. Sabuni ya unga ndiyo ya kukataa moja kwa moja: ni kali, na punje zisizoyeyuka zinabaki kwenye glavu.

Povu nalo? Lina faida, si lazima. Mililita 50 za shampuu kwenye chupa ya lita moja, liache dakika tatu hadi tano kivulini, lisikaukie kwenye bodi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na jua lake linachoma hata pakiwa na baridi, kwa hiyo osha kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Weka mgongo wa mkono kwenye boneti. Ukiona joto, subiri.

Kwa watu wa Kisumu, wadudu wa ziwani wanaopondeka kwenye bampa wasisuguliwe wakiwa wakavu. Laza kitambaa kilicholowa shampuu juu yao dakika tano, watatoka wenyewe. Kinyesi cha ndege kiondolewe siku hiyohiyo. Upande wa Muhoroni na Chemelil, masizi ya miwa iliyochomwa yapulizwe kwa hewa au maji, kamwe yasifutwe kwa mkono, kwa sababu yanapakaa.

Blowa ya kupuliza hewa ni anasa inayojilipa kwenye sehemu nne: vioo vya pembeni, vishikio vya milango, grili na nati za magurudumu. Maji yanayojificha hapo ndiyo yanayotiririka ukiendesha, yakaacha michirizi myeupe kwenye mlango uliokwisha kukauka. Ile ndogo ya betri inatosha. Ila usiipulize ikiwa imeelekea chini kwenye uwanja wa vumbi.

Taulo zifuliwe peke yake kwa sabuni ya maji, maji yasizidi nyuzi 40, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa dawa hiyo hupaka nyuzi mafuta na taulo huanza kusukuma maji badala ya kuyanywa. Zianikwe ndani. Kamba ya nje, Januari hadi Machi, inazijaza vumbi lilelile ulilotoa kwenye gari.

Doa la maji likishatokea, lishughulikie siku hiyo. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika moja au mbili, futa, suuza kwa maji ya mvua, kausha. Siki inayeyusha chumvi za chokaa. Silika haiiwezi, doa la silika lililokaa linataka polishi, na polishi inaondoka na kotingi.

Na maji yakiacha kuruka kabisa, usikimbilie kusema seramiki imekwisha. Mara nyingi imezibwa: mafuta ya barabarani, polishi ya matairi iliyorushwa, dizeli iliyopulizwa chini ya gari kwenye kituo cha kuosha, au chembe za chuma. Osha vizuri, kisha puliza dawa ya kuondoa chuma kivulini, ngoja igeuke zambarau, dakika tatu hadi tano, suuza sana. Mwaga maji tena juu ya boneti. Yakikusanyika kuwa matone na kuteleza, kotingi bado ipo, na unachohitaji ni kupuliza juu yake kinga yenye silika kila baada ya miezi michache. Yakitanda bapa hata baada ya hapo, ndipo umrudie fundi aliyeipaka.