Cherehani nyeusi ya miguu kwa anayeanza ukubwani: uzoefu wangu

Kwa aliyevuka hamsini na anataka kushona kwa kujifurahisha, naipa cherehani nyeusi ya miguu nyota nne kati ya tano. Umeme ukikatika kazi haisimami, na hapa Dodoma fundi wa kuirekebisha hatafutwi mbali. Nyota ya tano imekwenda na uzito wake, pamoja na kwamba hushona mshono ulionyooka tu. Kingo za kitambaa utapeleka kwa mwenye ovaloki, mashine ya kufunga kingo zisifumuke.

Miguu ndiyo shule ya kwanza. Toa uzi, inua kiguu kinachokandamiza kitambaa, kisha kanyaga mpaka gurudumu lizunguke kuja kwako kila mara. Likirudi nyuma, uzi hukatika au hujisokota. Anzisha gurudumu kwa mkono, miguu ifuate. Baada ya hapo shona karatasi ya daftari bila uzi, ukifuata mistari, kwa sindano chakavu maana karatasi huiua makali.

Kitenge na khanga hutaka sindano namba 14, jinzi 16. Uzi uingie kutokea upande wenye mfereji mrefu; sindano ikikaa kinyume, mishono inaruka. Macho yakisumbua, kata uzi mshazari na uweke karatasi nyeupe nyuma ya tundu.

Fundo la nyuzi chini ya kitambaa ndilo huwakatisha watu tamaa, nao hukimbilia kulaumu bobini, kigurudumu cha uzi wa chini. Mara nyingi kosa liko juu: uzi haujakaa katikati ya visahani vya kukazia. Inua kiguu, pitisha uzi upya toka mwanzo. Skrubu ya kikopo cha bobini iguswe mwisho kabisa. Ning'iniza kikopo kwa uzi wake na kutikisa kidogo: kishuke kidogo na kusimama. Kikiporomoka, kaza robo mzunguko, si zaidi.

Halafu kuna vumbi letu. Kiangazi, upepo ukivuma, linachanganyika na manyoya ya uzi chini ya meno yanayosukuma kitambaa, na cherehani inakuwa nzito. Fungua bati la chini ya sindano, piga brashi, tia tone moja la oili ya cherehani kila tundu la kutilia oili, kisha shona kitambaa chakavu kinyonye inayozidi. Mafuta ya kupikia hapana. Yanaganda kama gundi. Usiposhona, ifunike.

Mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu ukilegea na kuteleza, kata sentimita moja hivi na uunganishe tena kwa pini yake.

Ukienda kununua, iwe soko la Majengo au kwingineko, beba kitenge chako, laini, kilichofuliwa. Kitambaa cha majaribio cha dukani huwa kigumu chenye wanga, na juu yake hata cherehani mbovu inashona vizuri. Kunja chako kiwe tabaka mbili, halafu nne, ushone mwenyewe kabla ya kutoa pesa.