Magugu ya mpakani: kung'oa au kupiga dawa?
Ukisafisha upande wako na jirani akaacha wake, upepo na maji ya mvua vitakurudishia mbegu zilezile. Kwa hiyo uamuzi wa kung'oa au kupiga dawa unawahusu nyote wawili.

Kwa gugu karoti, mimi nachagua kung'oa bila kusita. Mmea mmoja unaweza kuzaa mbegu zaidi ya 10,000, hivyo uwahi kabla haujachanua, udongo ukiwa na unyevu ili mzizi utoke mzima. Vaa glavu na nguo ya mikono mirefu, maana mmea huu huwasha ngozi, na chavua yake huwasumbua wenye pumu. Ukikuta umeshachanua, usiuburute shambani. Utie kwenye mfuko palepale.

Ndago ni habari nyingine. Ukiivuta, majani yanabaki mkononi na vijiazi vyake vinabaki ardhini, kisha vinachipua upya. Hapa dawa yenye glaifoseti ina faida, kwa kuwa huingia kupitia majani ikashuka hadi chini. Hata hivyo, vijiazi vilivyolala havifi, kwa hiyo utarudia. Tena dawa hii haichagui: ikipeperuka hadi kwenye mboga za jirani, nazo zitakufa. Usipige kukiwa na upepo, fuata kipimo cha kwenye lebo, na mwambie jirani kabla, si baada. Akikataa dawa, heshimu neno lake. Chimbueni eneo la mpakani kwa jembe uma, mkiviokota vijiazi kila vinapochipua.