Safari ya kuvua papa Watamu: nyota mbili kati ya tano

Nimekaa na maneno haya wiki mbili. Januari hii shemeji yangu alikuja likizo kutoka Uingereza, na zawadi aliyoiomba ilikuwa moja tu: kwenda kuvua bahari kuu. Nikamkodishia boti Watamu, pwani ya Kenya, nusu siku, shilingi 48,000 pamoja na vifaa na kifungua kinywa. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu mabaharia tuliokuwa nao ni vijana wa hapa hapa wenye watoto wa kulisha, na kosa ninaloliandika si lao peke yao.

Nianze na haki yao. Saa kumi na moja na nusu alfajiri walikuwa ufukweni wakitungoja. Boti safi, jaketi la kuokolea lipo kwa kila mtu, redio inafanya kazi, na nahodha aliupita mlango wa mwamba gizani kama mtu anayeingia chumbani kwake. Kaskazi ilikuwa imetulia. Kufikia saa mbili tulishapata jodari wawili, na shemeji alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo tangu siku ya harusi. Mahamri na mbaazi za nazi zilikuwa bado moto. Kwa hayo nawapa nyota mbili kwa moyo mweupe.

Baada ya hapo sulisuli, wale samaki wakubwa wenye mdomo kama mkuki, hawakuonekana. Nahodha akaniuliza, "Dada, mgeni atapenda papa?" Nikamuuliza wakimpata wanamfanya nini. "Tunamtia alama, tunamwachilia. Sisi ni watu wa mazingira." Na kweli, kwenye bango lao kuna kasa, na chini yake maneno ya kuilinda bahari. Nikakubali. Ningejua niulize swali la pili, nisingekubali.

Walining'iniza gunia la matumbo ya jodari nyuma ya boti, wakatia kichwa kwenye ndoana yenye waya. Haikupita nusu saa mshipi ukaenda. Shemeji alivutana naye dakika hamsini, jasho linamtiririka, baharia amemshika kiuno. Alipoletwa ubavuni tukaona ni pingusi, yule papa mwenye kichwa kama nyundo, urefu wake kama mtu mzima aliyelala.

Hapo nilitarajia waya ukatwe majini. Badala yake walimfunga mkia kwa kamba, wakampandisha kwenye sitaha ili mgeni apigwe picha. Picha ya kwanza haikutoka vizuri kwa sababu ya jua, wakamgeuza. Ndoana ilikuwa imeingia kooni, kijana akawa anaitafuta kwa koleo. Nilipiga magoti upande wa kichwa. Jicho la pingusi liko mwisho kabisa wa ule ubawa wa kichwa, na kila koleo lilipovutwa utando mweupe ulilifunika, ukafunguka, ukalifunika tena. Matamvua anayopumulia yalikuwa yanafunguka na kufumba bila maji. Simu yangu inaonyesha dakika sita kati ya picha ya kwanza na ya mwisho.

Wakamchoma alama mgongoni, wakamsukuma baharini. Hakuogelea. Aligeuka tumbo juu, akazama polepole, ule weupe ukaonekana chini kwa muda mrefu maana maji yalikuwa maangavu. Kwenye kadi ya ile alama nahodha akaandika kwamba ameachiliwa akiwa hai.

Mimi ni mtoto wa mvuvi, na papa si mgeni kwangu. Baba alitega jarife, ule wavu wa papa, upande wa Kipini mpaka magoti yakamshinda. Papa akiletwa nyumbani, nyama ilikaushwa ikawa ng'onda, ini likachemshwa kupata sifa, yaani mafuta ya kupaka mashua, na mapezi yakaenda kwa tajiri wa Malindi. Simtakasi baba, jarife lake lilinasa kasa pia, na miaka yake ya mwisho papa aliowaleta walikuwa wadogo kiasi cha kubebwa na mtoto. Lakini alijua kwamba ameua, na aliua ili tule. Kilichonichoma kwenye ile boti ni kuona papa anauawa halafu inaandikwa kwamba ameokolewa.

Pingusi si papa wa kuvutana naye muda mrefu hivyo. Anapumua kwa kuogelea: asipokwenda mbele, maji hayapiti kwenye matamvua. Akichoka kupita kiasi anaweza kufa hata baada ya kuachiliwa na kuonekana akiondoka. Nje ya maji uzito wa mwili wake mwenyewe unamkandamiza, kwa kuwa hana mbavu za kukinga viungo vya ndani. Jike la pingusi huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na tangu 2019 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, imewaweka pingusi wakubwa wa aina mbili kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Boti inayouza uvuvi wa papa inapaswa kuyajua haya kama inavyojua bei ya dizeli.

Na Watamu si mahali popote tu. Hifadhi yake ya bahari ipo tangu 1968, na ndani yake hairuhusiwi kuvua kabisa. Wavuvi wa mtaa waliambiwa waache maji ya babu zao, na wengi wameacha. Wapo wanaopiga simu kasa akinasa wavuni ili aje achukuliwe na kurudishwa baharini. Kesho yake tulikwenda Dabaso kula sambusa za kaa kwenye mkahawa wa kikundi cha wanakijiji, juu ya mikoko ya Mida, na mzee mmoja aliyekaa karibu nasi akaniuliza swali ambalo sikuweza kumjibu: "Mwanangu, mimi nikileta papa naitwa mharibifu. Mzungu akimleta, mbona anapigiwa makofi?"

Niliipigia kampuni. Dada aliyepokea alinisikiliza kwa adabu, akasema wateja ndio wanaotaka picha. Basi wateja waambiwe kabla ya kulipa. Jioni ile nilizungumza na nahodha wa boti nyingine pale pale ufukweni. Yeye hatafuti papa. Akijileta mwenyewe na ikaonekana ni pingusi, anakata waya karibu na ndoana kwa mkasi wenye mpini mrefu, papa akiwa bado majini, na picha inapigwa kutoka juu. Anatumia ndoana ya mviringo, ambayo mara nyingi hukamata pembeni mwa mdomo isifike kooni. Wateja wake hawajapungua, alivyoniambia.

Ukikodi boti, uliza mkasi uko wapi, na uoneshwe. Ukiambiwa papa atapandishwa kwa dakika moja tu, chagua jodari.

Shemeji ameifuta picha ile bila mimi kumwambia. Nilikuwa nimeshaweka amana ya shilingi 10,000 kwa safari ya pili, Februari. Nimewaandikia kwamba sitaki irudishwe, wanunulie mkasi. Mpaka leo hawajanijibu.