Miaka 13 kwenye kiti kilekile: saluni moja ya kiume Ilala

Saluni ninayoieleza hapa ni chumba kimoja chenye viti vitatu na kioo kirefu, katika mtaa wa ndani wa Ilala, Dar es Salaam. Haina kiyoyozi, na anayetafuta mtindo unaovuma mwaka huu atahudumiwa vizuri zaidi Kariakoo au Sinza. Mwanangu ana usonji. Alianza kunyolewa hapo akiwa na miaka 6, sasa ana 19, na katika muda wote huo sijaona huduma nyingine, ya kulipia au ya bure, iliyobadilika kadiri yeye alivyokuwa akikua.

Kabla ya hapo saluni mbili zilitukataa kwa adabu, na ya tatu haikujisumbua na adabu. Waliitwa vijana wawili wakamshika kichwa na mikono, tukarudi nyumbani akiwa amenyolewa upande mmoja, na kwa miezi minne hakukubali mkono wa mtu yeyote uguse nywele zake. Nilikuwa nikizipunguza kwa mkasi usiku, amelala. Niliambiwa kwamba mtoto amedeka. Kuzidiwa na sauti, mguso au mwanga ni miongoni mwa dalili za usonji, na mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani umezitaja rasmi katika vigezo vyake tangu 2013, ingawa mzazi aliyewahi kumbeba mtoto anayepiga mayowe kutoka kwenye kiti cha kinyozi hakuhitaji kusubiri mwongozo.

Siku ya kwanza tulipofika saluni hii ya Ilala, fundi wake hakunyoa. Aliniuliza mtoto anaogopa nini hasa, nikamjibu kuwa ni mlio. Akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: mashine ya waya inayoendeshwa kwa sumaku, kwa umeme wetu wa hezi 50, wembe wake hucheza mara 6,000 kwa dakika, na inapowashwa hupiga kishindo kifupi kabla ya kuanza kuunguruma. Sisi hatukisikii kishindo hicho kwa sababu tumekizoea. Kwa mwanangu kilikuwa kama kofi la sikio. Fundi akachukua mashine ya kuchaji yenye mlio wa chini zaidi, akatoka nayo hadi mlangoni, akaiwasha huko. Kisha akampa aishike ikiwa imezimwa, baadaye ikiwa imewashwa, akaipitisha juu ya goti lake mwenyewe, juu ya mkono wangu, mwishowe juu ya mkono wa mtoto. Nywele zilikatwa mara ya tatu tulipokwenda, na mara mbili za kwanza alikataa kupokea hata shilingi.

Mengine aliyagundua kwa kutazama tu. Aliona kwamba mguso mwepesi humkera mtoto kuliko mkono uliotulia, hivyo huweka kiganja chote utosini, akakandamiza kidogo, na kunyoa kuzunguka kiganja hicho. Spiriti aliiacha, akatumia maji ya uvuguvugu. Badala ya kitambaa cha saluni nilileta kanga yangu ya nyumbani, kwa kuwa harufu yake ilikuwa inajulikana. Mwalimu wake wa kitengo cha usonji ndiye aliyenishauri nipige picha tano, nizichapishe na kuzitia plastiki: mlango, kiti, kanga, mashine, soda ya machungwa. Kila hatua ikiisha, picha yake inageuzwa, na mtoto anajua kilichobaki. Siku moja soda ya machungwa ilikuwa imekwisha katika duka la jirani, na fundi alimwacha mzee mmoja na povu kidevuni akaenda kuitafuta mtaa wa pili. Mzee hakulalamika, au alilalamika nisisikie.

Sehemu ninayoithamini zaidi ilianza ndevu zilipoota. Kijana alikuwa na miaka 15, na wakati huohuo huduma zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine: shule ilifika ukomo wake, kliniki ya watoto ikatuambia amekuwa mkubwa, na hakuna aliyetuonyesha pa kwenda. Saluni ilibaki. Fundi aliacha kumwita "mtoto", akaanza kumwita "kaka". Akimuuliza, "Kaka, leo namba moja au namba mbili?" huzima mashine na kusubiri, maana jibu linaweza kuchukua karibu dakika nzima kutoka. Nilikuwa na mazoea ya kujibu kwa niaba yake. Siku moja nilipofungua kinywa, fundi aliniambia bila kugeuka, "Samahani mama, nimemuuliza mteja." Niliona haya, na nikanyamaza. Jibu lilikuja: namba mbili, wakati mimi ningesema moja, kama nilivyokuwa nimesema kwa miaka tisa.

Tangu hapo ni yeye anayetuma ujumbe wa simu kuomba nafasi, ni yeye anayetoa noti ya 5,000 na kuhesabu chenji yake ya 1,000, na picha tatu za mwanzo amekwisha kuziacha nyumbani. Picha ya soda bado anaibeba. Mimi huketi kwenye benchi la nje, kwa ombi lake.

Bei hiyo ya 4,000 ni ya juu kuliko ya majirani, lakini anachukua dakika 40 ambazo wengine wangewanyolea watu wawili au watatu, kwa hiyo sioni la kulalamikia. Jumamosi pasiendwe kabisa: televisheni hupandishwa sauti kwa ajili ya mpira, na hata mimi huumwa kichwa. Kasoro nzito ni kwamba ujuzi wote umo katika kichwa cha mtu mmoja. Mwaka jana fundi alisafiri kwenda msibani Kigoma kwa wiki tatu. Msaidizi wake, kijana mwenye nia njema, aliwasha mashine nyuma ya sikio bila kusema neno. Mwanangu aliinuka, akatembea hadi nyumbani na kanga shingoni, nami nikimfuata kwa mbali. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ameona haja ya kumfundisha msaidizi, na hilo nimemwambia fundi waziwazi.

Baada ya hapo tuliandika ukurasa mmoja, mwanangu akisema na mimi nikiandika, tukaubandika ndani ya mtoto wa meza: washa mbali, niambie kwanza, weka mkono uutulize, usinipulizie shingoni. Hilo la mwisho hata fundi hakuwa analijua. Alikuwa amempulizia kwa miaka 13. Mwezi uliopita msaidizi alimnyoa pembeni zote mbili, fundi akiwa amesimama nyuma, kiganja chake utosini.

Nafasi nzuri ni Jumanne au Jumatano saa 3 asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Mzazi atakayeambiwa asubiri nje aje na mwavuli, kwa sababu benchi linapigwa jua hadi saa 6.