Fidla ya taarab au ya klasiki: kijana wa Tanga ashike ipi?
Ala ni ileile, nyuzi nne na upinde wa singa za farasi. Klasiki, muziki wa jadi wa Ulaya, inataka kusoma noti za muziki na kuanza mapema: mpiga fidla Jascha Heifetz alipanda jukwaa la Carnegie Hall, New York, mwaka 1917 akiwa na miaka 16 tu. Taarab hufundishwa zaidi kwa sikio. Unakaa nyuma ya mkubwa, kidole kinateleza kutafuta sauti zilizo katikati ya noti mbili, ambazo piano haina. Tatizo, Tanga tangu enzi za Black Star, kikundi chetu cha taarab, tumependa magitaa. Fidla ifuate Unguja, kwa Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu 1905. Mimi ningechagua taarab: harusi hazikosekani, na akina mama wakiguswa hutuza papo hapo.